Watazamaji Mia na Hamsini

Siku ya Jumanne, siku mbili kabla ya kumzika mama yake, Yoramu alipanda ngazi za jengo moja la mjini Moshi kwenda kumnunulia dada yake nafasi msibani.

Ndiyo, kununua. Zamani mtu akifiwa alifunga safari. Akikosa nauli alikopa, akikosa gari alitembea, na akichelewa alisubiriwa, maana huku mlimani mzazi hazikwi mbio mbio. Lakini Magdalena alikuwa Kanada, mwaka wa tisa huo, na karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinazunguka kwenye meza za watu. Akitoka hata kwa siku moja, harudi, na wanawe wawili wako huko. Kwa hiyo mama yao, Bibi Aikande wa Machame, alipofariki Jumamosi alfajiri, Magda alilia kwenye simu mpaka sauti ikamkauka, kisha akamwambia mdogo wake: "Msinisubiri, Yora. Ila nionyeshe. Nataka nimwone akishuka, na niseme neno langu huku huku nilipo, kabla hamjamfukia. Sitaki kuja kuhadithiwa."

"Utaona, dada," Yoramu alimjibu. "Mimi mwenyewe nitahakikisha unaona."

Ahadi ilikuwa yake kuitoa. Walikuwa watatu: Eliufoo kaka mkubwa, Magda wa pili, na Yoramu kitindamimba. Kwa mila ya huku kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba ya mama na kihamba chake, migomba, kahawa, ng'ombe na mawe ya makaburi. Anayebaki na nyumba ndiye anayebaki na lawama pia, ila hilo huwa halisemwi siku ya kugawa.

Simu ya video ya kawaida Magda hakuitaka. Mwezi wa kwanza, mama akiwa hospitali, walimpigia hivyo hivyo, na picha ikaganda mama akiwa amefungua kinywa. Walipompata tena, mama alikuwa amelala. Mpaka leo Magda hajui alitaka kusema nini. Na ile mitandao ya bure, ambako kila mtu anarusha chake, ukoo ulishaipiga marufuku. Mwaka juzi mtu alirusha mazishi huko, shemeji mmoja aliyezidiwa na mbege akateleza akakaa kitako kwenye udongo wa kaburi, na kipande hicho kikazunguka nchi nzima. Watu ambao hawajawahi kuuona mlima walimcheka mwezi mzima. Kwenye kikao cha ukoo cha Desemba wazee wakakata shauri: kuanzia sasa misiba ya ukoo itaonyeshwa kwenye tovuti ya ukoo, basi.

Tovuti yenyewe aliitengeneza Yoramu, ambaye ana duka la vifaa vya ofisi na simu pale Bomang'ombe. Ilikuwa imepanga kwenye seva ya bei ya chini huko ng'ambo, na kwa kuonyesha picha za mababu na tarehe za vikao ilitosha kabisa. Kwa kurusha mazishi moja kwa moja isingeweza. Ndiyo maana Jumanne ile alikuwa anapanda ngazi, kwenda kwa kampuni inayopangisha tovuti kitaalamu.

Aliyempokea aliitwa Magreth, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti ya kutokuwa na haraka. Alimpa pole, akamvutia kiti, akamuuliza swali moja.

"Kaka, watatazama watu wangapi kwa wakati mmoja?"

"Kwa nini kwa wakati mmoja?"

Magreth akavuta karatasi, akachora mstari mrefu na vijistari vinavyochepuka. "Wewe ni wa juu, unajua mfongo, mfereji wa kumwagilia. Mimi kwetu ni Kahe, sisi ndio tunaokaa mwisho wa maji. Mkifungulia wote huko juu, sisi tunabaki na tope. Hii bandwidth wanayoisema ni mfereji huo huo. Kila anayetazama amechepusha maji kidogo. Wakiwa wengi kuliko mfereji, wa mwisho hapati."

Akamweleza vifurushi viwili. Kidogo kiliruhusu watazamaji mia na hamsini kwa mpigo. Wa mia na hamsini na moja anaandikiwa kwamba nafasi zimejaa, asubiri mmoja atoke. "Na mtu akishafungua ukurasa ameshika nafasi," alisema, "atazame asitazame, mpaka aufunge." Kikubwa kiliruhusu elfu mbili. Tofauti ya bei ilikuwa shilingi elfu tisini.

Elfu tisini! Watu husema Mchagga ukimwangushia sarafu pembeni ya jeneza atageuza shingo. Ni uzushi wa wenye wivu, lakini ukweli ni kwamba Yoramu aligeuza shingo. Akatoa kalamu, akaandika nyuma ya risiti. Dar es Salaam, thelathini na mmoja. Arusha na Dodoma, kumi na wanne. Mwanza, watatu. Nje ya nchi, kumi na mmoja. Jumla hamsini na tisa. Akazidisha mara mbili, kwa tahadhari, akapata mia na kumi na nane. Hapo bado nafasi thelathini na mbili zimelala bure.

"Kidogo kinatosha," alisema, na akajisikia fahari ya mtu aliyepima kabla ya kukata.

"Na wa hapa hapa je?" Magreth akauliza.

"Wa hapa watakuwa msibani, dada yangu. Mtu amesimama kaburini, atalitazama kaburi kwenye simu kwa sababu gani?"

Magreth alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi ningechukua kikubwa, kaka. Mwezi mmoja tu, halafu unashuka. Mazishi hayarudiwi."

Alisikia. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, kwamba alisikia vizuri kabisa, kwa masikio mawili, mchana kweupe. Lakini alimwaza mama yake, aliyekuwa akifua mifuko ya nailoni na kuianika kwenye kamba pamoja na kanga, mpaka serikali ilipoipiga marufuku, na hata baada ya hapo akabaki na mitatu ya siri chini ya godoro. Mama huyo angeona elfu tisini zinalipia viti visivyokaliwa, angefufuka kugomba. Yoramu alilipia kile kidogo, akaona kama amemheshimu.

Na elfu tisini hazikurudi mfukoni, tusimsingizie. Alipita duka jingine akakodi vifaa viwili vya kusambaza wi-fi, avitundike uani. Nyumbani tayari kulikuwa na mtandao wa dishi aliouleta Eliufoo. Yoramu alitaka kwenye msiba wa Bibi Aikande mtu asikose kitu: asikose sahani ya machalari, asikose kiti, asikose hata mtandao. Nywila akaiandika kwa maandishi makubwa kwenye boksi, akalitundika juu ya tangi la kunawia mikono, mahali ambapo kila mgeni lazima afike.

Jumatano walijaribu. Denis, mpiga picha wa kukodi kutoka Bomang'ombe, aliwasha kamera uani, Magda akafungua ukurasa kule Kanada, na picha ikasimama safi, haitetemeki. Yoramu akamwongoza kwa simu huku kamera ikizunguka.

"Naona kamba yake ya nguo," Magda alisema. "Naona migomba ya mshare. Yora, ule wa pembeni si ndio aliupanda nilipofaulu darasa la saba?"

"Ni watoto wa watoto wa ule, dada."

"Ni ule ule," alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. Kisha akatulia. "Kesho niko zamu ya usiku. Mapumziko yangu ni saa kumi na mbili asubuhi ya huku, nusu saa. Nitakaa ndani ya gari. Hapo kwenu itakuwa saa tisa alasiri. Mwambie mchungaji asiwahi wala asichelewe."

Kazi ya Magda ilikuwa kwenye nyumba ya wazee. Aliwaogesha, aliwalisha, aliwageuza vitandani. Miaka tisa alikuwa akiwaogesha mama za watu, na wa kwake akaogeshwa na majirani. Alishawahi kulisema hilo mara moja tu.

Alhamisi asubuhi, kabla wageni hawajajaa, Yoramu alivaa suti nyeusi, akafungua ukurasa kwenye simu yake kuhakikisha. Picha ilikuwa safi. Akazima sauti, akaitia simu mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, maana mtoto wa marehemu hashiki simu mbele ya watu. Hakuigusa tena.

Watu walikuja kama walivyompenda mama. Walitoka Machame yote, Bomang'ombe, Moshi mjini, hata Tarakea walikuja wanawake wanne aliowahi kufanya nao biashara ya maharage. Mahema matatu hayakutosha. Wengine walikaa chini ya migomba. Kwaya iliimba. Ratiba zikagawiwa, na nyuma ya kila ratiba Yoramu alikuwa amechapisha anwani ya tovuti, herufi za rangi ya dhahabu, kwa sababu karatasi ilikuwa na nafasi na dukani kwake wino upo.

Baba mdogo Anaeli ndiye aliyekuwa akiongoza shughuli. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu, ukoo huu haujalala," alisema. "Msiba wa mama yetu unaonekana dunia nzima muda huu. Anwani iko nyuma ya ratiba. Nywila ya wi-fi iko pale kwenye tangi. Karibuni sana, msione aibu."

Wangeona aibu gani? Kulisikika mkwaruzo wa mamia ya mikono mifukoni. Kwanza vijana, kisha akina baba waliovaa miwani, kisha akina mama waliowapa vijana simu zao wawafungulie. Picha ilikuwa inachelewa kama sekunde ishirini, na hilo ndilo lililoleta utamu. Mama mmoja wa kwaya alijiona kitambaa chake kimekaa upande, akakirekebisha, kisha akasubiri ajione akikirekebisha. Mzee mmoja alipunga mkono hewani, akainama haraka kwenye simu, akajiona akipunga, akamgusa mwenzake: "Umeona?" Walikuwa na huzuni, usiwahukumu. Ila mtu ni mtu, na hawajawahi kuonekana dunia nzima.

Yoramu aliwaona, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Aliona ni ukarimu wake unafanya kazi.

Saa tisa kasoro robo Denis alimsogelea na kishikwambi chake. "Kaka, tumejaza! Mia na hamsini, na haishuki hata kidogo."

"Mia na hamsini?"

"Tangu saa saba. Bibi ana watu, kaka."

Kitu kilimchoma Yoramu hapo, kidogo tu, kama unapotoka nyumbani na kuhisi umeacha jiko linawaka. Mia na hamsini. Aliwahi kuisikia namba hiyo mahali. Lakini Eliufoo alikuwa ameshamshika bega: jeneza linanyanyuliwa, na kitindamimba hubeba mbele. Akaenda kubeba. Jeneza lilikuwa jepesi kuliko alivyotegemea, na jambo hilo lilimliza kiasi cha kusahau kila namba aliyowahi kuijua.

Kaburi lilikuwa kihambani, baina ya kaburi la baba na mstari wa masale, mimea ya mpakani. Mchungaji alisoma, akaomba. Saa tisa na dakika nane jeneza lilishuka kwa kamba, polepole, Denis akilifuata kwa kamera mpaka chini kama alivyoagizwa. Ikafika zamu ya watoto kutupa udongo, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Eliufoo alitupa, akasogea nyuma.

Yoramu alikuwa ameshaomba ruhusa kwa mchungaji. Alichota udongo kwa mkono wa kulia, akaigeukia kamera, akaitazama katikati ya kioo chake.

"Dada Magda," alisema, na watu wote wakanyamaza. "Hii ni zamu yako. Nimeushika udongo wako. Mama yuko hapa, umemwona akishuka. Sema neno lako, sisi tunakusubiri."

Walisubiri. Watu zaidi ya mia sita, kimya, dakika nzima, kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyekaa kwenye gari upande wa pili wa dunia. Ng'ombe alilia zizini. Akina mama walifuta machozi, na wengi walishusha macho kwenye simu zao kuona dakika hiyo ikifika huko pia. Yoramu alihisi kabisa, angeapa kwa Biblia, kwamba dada yake anazungumza na kwamba mama anasikia. Hakuna kitu alichowahi kufanya maishani kilichomridhisha namna ile. Kisha akafungua kiganja. "Huu ni wa Magdalena," alisema. Ndipo akachota wa kwake.

Saa kumi na moja, watu wakiwa wanakula, alizunguka nyuma ya zizi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatoa simu. Ilikuwa ya moto kama chapati, chaji asilimia sita. Hakushangaa, alikuwa na haraka ya kusoma Magda ameandika nini. Alitegemea shukrani. Tusimcheke, alikuwa ameitegemea kwa moyo mweupe.

Simu ishirini na tatu hazikupokelewa. Na ujumbe, mmoja chini ya mwingine.

"Yora inaandika nafasi zimejaa."

"Nimejaribu tena. 150 kati ya 150. Subiri mmoja atoke."

"Pokea simu."

"Eliufoo simu yake imezimwa. Nimeandika kwenye kundi la ukoo hakuna anayesoma."

"Ni akina nani hao?"

"Yora mtoe mtu mmoja."

"Mmoja tu."

"Ameshashuka?"

"Muda wangu umeisha. Narudi ndani."

Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu, akasoma tena. Alisimama, akaenda kwa Denis bila kumwambia kitu, akachukua kishikwambi kutoka mkononi mwake, akarudi kwenye ndoo. Alijua mahali pa kutazama. Magreth alikuwa amemwonyesha. Kulikuwa na orodha ya kila kifaa kilichoingia, mahali kilipo, saa kilipoingia na saa kilipotoka. Chini yake kulikuwa na orodha fupi ya waliokataliwa.

Waliokataliwa kutoka Kanada: mmoja. Mara arobaini na moja.

Na walioingia, kati ya mia na hamsini, wa mbali walikuwa tisa. Wengine wote, mia na arobaini na mmoja, walikuwa Machame, uani, kihambani, chini ya migomba, hatua kumi, hatua ishirini kutoka kwenye jeneza. Walikuwa wanaitazama kwenye simu pua yao wenyewe. Yoramu aliwahesabu walio mbali kwa umakini mkubwa, akazidisha mara mbili, na hakumhesabu hata mmoja aliyekuwa karibu. Tena akawachapishia anwani, akawanunulia wi-fi kwa pesa ile ile iliyotosha kumfungulia Magda mlango.

Simu ikaita mkononi. Ilikuwa Magda, ametoka zamu. Yoramu aliitazama ikiita, akatamani kama mtoto kwamba iishiwe chaji. Haikuishiwa.

"Shikamoo dada," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtia aibu.

"Marahaba. Ameshazikwa?"

"Ameshazikwa."

Kabla dada hajasema kitu, Yoramu aliongeza haraka.

"Dada, Denis ameirekodi yote. Mwanzo mpaka mwisho. Nitakutumia sasa hivi, picha ni safi kuliko..."

"Usinitumie."

"Utamwona akishuka, dada, kama ulivyotaka."

"Nilitaka nimwone wakati bado, Yora. Wakati nikisema mama, bado hajafukiwa. Hiyo uliyo nayo ni filamu. Nitaiambia nini filamu?"

Yoramu alikuwa analia, ute wa pua ukimwingia mdomoni, mwanaume wa miaka thelathini na sita amekaa kwenye ndoo ya kukamulia.

"Na udongo wangu?" Magda aliuliza. "Ulinitupia?"

"Nilikutupia, dada. Tulikusubiri dakika nzima. Watu wote walinyamaza."

"Dakika nzima," alirudia polepole. "Mimi nilikuwa nabonyeza. Nilifikiri nikibonyeza haraka zaidi labda mtu atatoka. Halafu wewe ukatupa. Nani alikuambia nimemaliza kusema?"

Kama angekuwa amemkosea jirani, Yoramu angejua la kufanya. Angekata jani la sale pale kwenye mstari, angelifunga fundo, angelipeleka mlangoni kwa mikono miwili, na kwa mila ya huku aliyeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Masale yalikuwa mbele yake, mengi, ya kijani, yamesimama kumzunguka mama. Akayaangalia tu. Sale hupelekwa kwa mkono, na mkono wake haukuweza kufika mlango wowote wa Magda.

"Nisamehe, dada," alisema. "Lilikuwa kosa langu. Nilichukua kifurushi kidogo."

"Sikuulizi habari za kifurushi." Magda hakuwa amepaza sauti hata mara moja, na hilo lilimtisha zaidi. "Nataka kitu kimoja. Nusu saa nzima nilikuwa naiangalia ile namba. Mia na hamsini. Nikajiuliza, ni akina nani hawa wanaompenda mama kuliko mimi, hata mmoja hawezi kutoka? Nikasema labda ni wagonjwa, hawawezi kutembea. Labda ni watu wako mbali kama mimi. Nikasema nitawasamehe nikiwajua. Niambie ni akina nani."

"Dada..."

"Nitajie. Unayo orodha, najua unayo. Anza na wa kwanza."

Yoramu alipandisha orodha kwa kidole mpaka juu kabisa. Kifaa cha kwanza kiliingia saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, kabla ya hema la pili kusimama, kabla ya wageni. Chini ya saa ya kutoka hapakuandikwa kitu. Kilikuwa bado ndani. Akasoma aina ya simu. Akaisoma mara ya pili. Kisha akaitoa simu sikioni, akaitazama, ile ile ya moto, iliyokaa juu ya moyo wake tangu asubuhi ikiwa na ukurasa wazi, haitazamwi na mtu, alipokuwa amebeba jeneza, alipokuwa ameshika udongo, Magda alipokuwa anaandika mtoe mtu mmoja, mmoja tu.

"Yora? Uko?"

"Niko, dada."

"Wa kwanza ni nani?"

Upande wa pili wa nyumba baba mdogo Anaeli alikuwa anawashukuru wageni kwenye kipaza sauti, na watu wanamjibu. Yoramu alisubiri anyamaze, lakini hakunyamaza.

"Ni mimi," alisema.